Volvo ya Joginder na Subaru za mnadani

Pasaka ya mwaka 1965 ndugu wawili Masingasinga wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, waliondoka Nairobi kwenye mashindano ya Safari wakiwa ndani ya gari la mkono wa pili. Lilikuwa Volvo PV544, lile lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Mwaka mmoja kabla, gari hilo hilo lilikuwa limeletwa na timu ya kiwanda kutoka Sweden, dereva Tom Trana akalipigisha mawe, tope na mito ya Afrika Mashariki. Kiwanda kikaondoka, gari likabaki. Kwa hesabu ya mtu wa kawaida lilikuwa limeshakwisha, la kuuzwa kwa bei ya kutupa. Akina Singh wakalinunua, wakalifungua, wakalifunga upya. Halafu wakashinda Safari kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu dhidi ya gari lililofuata.

Kwa wale wasiojua, Safari ilianza Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Miaka ile ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa mashine ya kusaga magari. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta magari mapya yanayong'aa, yakarudi kwenye matrela. Kwa hiyo mkweche wa mkono wa pili kuibuka mshindi si hadithi ndogo.

Nimeanza na Joginder kwa sababu kila nikisimama kwenye mnada wa magari hapa Dar, Temeke au Kinondoni, nawakuta vijana wa rika langu wanaojenga hoja yake bila kumjua. Mbele yao kuna Subaru Impreza iliyokula mzinga, boneti imejikunja kama karatasi, taa moja inaning'inia. Dalali anasoma masharti yale yale tunayoyaona kwenye matangazo ya magazeti: litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, robo ya bei ilipwe hapo hapo, kilichobaki ndani ya siku 14. Na kijana anamgeukia mwenzake kwamba gari ni chuma, na chuma kinanyooshwa. Bei ni chee. Fundi yupo. Tatizo liko wapi?

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba imani hiyo ina historia yake, na historia hiyo haihusu magari ya aina ile. Tumerithi jibu la swali lingine.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara kubwa iliingia mikononi mwa mashirika ya umma. Bima ikawa kazi ya Shirika la Bima la Taifa peke yake, na magari mapya yakawa yanapitia kwenye Shirika la Magari la serikali. Ukitaka gari unaandika maombi, unasubiri kibali, unasubiri tena. Hapo bado kulikuwa na afadhali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwishoni mwa 1978 vita ya Kagera ikaanza, malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka askari na chakula mstari wa mbele. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikaruka. Fedha za kigeni zikakauka, na fedha za kigeni zikikauka spea nazo zinakauka. Wazee wanakumbuka kipindi ambacho hata Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa kutembea ili kubana mafuta.

Katika hali ile swali la kama gari lililoumia linafaa kufufuliwa halikuwepo kabisa. Lilifufuliwa tu. Land Rover 109 ikipinduka porini, inavutwa, inanyooshwa, inarudi kazini. Peugeot 404 ikigongwa ubavu, mlango unagongwa nyundo mpaka ufunge. Ikarus za UDA, yale mabasi marefu yaliyoitwa kumbakumba, yalikufa moja moja kwa kukosa vipuri, na lililokufa likanyofolewa ili lingine lipumue. Usafiri wa jiji ulipozidiwa, mwaka 1983 Serikali ikaruhusu daladala za watu binafsi, na mengi ya magari yale ya kwanza yalikuwa yameunganishwa kwa mkono na mafundi ambao hawakuwa na kitabu wala mashine. Kazi ya mafundi wale ni ya heshima. Waliibeba nchi migongoni mwao wakiwa na nyundo, mtungi wa gesi na mnyororo uliofungwa kwenye mti.

Lakini angalia walichokuwa wananyoosha. Land Rover ya miaka ile ina chasisi ya ngazi: mihimili miwili mizito ya chuma chini, bodi ya alumini imefungwa juu yake kwa bolti. Bodi ikikunjika, chasisi inaweza kuwa salama kabisa. Unaweza kuing'oa bodi yote na gari likatembea. Malori ya Bedford ndivyo yalivyo, na pikapu hivyo hivyo. Fundi anayenyoosha bodi ya gari la namna hiyo anarekebisha sura. Mifupa haijaguswa. Tena gari lenyewe lilikuwa linakwenda kilomita 70 kwa saa kwenye barabara ya Morogoro yenye mashimo. Likivuta kidogo upande wa kushoto, dereva anazoea.

Kizazi kile kikafundisha kizazi kilichofuata kwenye gereji bubu za Tandika, Yombo, Mwananyamala na Magomeni, na pamoja na ufundi kikarithisha imani. Hakuna gari lisilonyooka!

Mwaka 1984 mlango ukafunguka. Bajeti ya mwaka ule iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni nje ya nchi kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, na enzi ya ruksa ikaanza rasmi. Pikapu na Hiace zilizotumika zikaanza kushuka bandarini, na kufikia miaka ya 90 zikafuata saluni kutoka Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu, na ambako gari likizeeka mwenye nalo anabanwa na gharama za ukaguzi wa lazima. Gari la binafsi jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi ni pesa nzito. Mjapani wa kawaida anaona bora auze, na sisi huku tunapokea.

Hapo ndipo hesabu ilipopinduka, na watu wengi hawakuligundua hilo. Enzi za shida gari zima halikupatikana, kwa hiyo bovu lilikuwa na thamani ya dhahabu. Enzi za ruksa gari zima likapatikana, tena nafuu. Kwa Corolla ya kawaida, kufufua iliyopondeka kukawa upotevu wa pesa mara nyingi, kwa sababu nzima ipo kwenye yadi ya jirani. Spea nazo zikawa rahisi: Gerezani na Ilala zilijaa injini, giaboksi, milango, hata pua nzima za magari zilizokatwa Japani na kushushwa na kontena. Kutengeneza kukawa rahisi na wakati huo huo kukapoteza maana. Mambo haya mawili yalikuja kwa meli moja.

Sasa, kwa nini Subaru za ajali bado zinagombewa?

Jibu la kwanza ni kodi. Chukua Impreza WRX yenye umri wa zaidi ya miaka 10, injini chini kidogo ya sisi 2,000. Kwa viwango tulivyovizoea kwa miaka mingi kuna ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa bidhaa wa 5%, ule wa uchakavu wa 30%, halafu VAT ya 18% juu ya vyote. Pigeni wenyewe kwenye kikokotoo. Kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari likiwa limefika bandarini, kodi inakaribia 100 nyingine, kabla ya tozo ndogo ndogo. Na thamani yenyewe wanaikadiria TRA kwa jedwali lao, hata kama wewe ulipata bei ya mteremko. Gari lililopondeka hapa hapa Dar tayari limelipiwa yote hayo. Lina kadi, lina namba. Mnunuzi wa mnadani hanunui chuma peke yake, ananunua kodi iliyokwisha kulipwa. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa milioni kadhaa kwa kitu ambacho muuza vyuma chakavu angekipima kwa kilo.

Jibu la pili ni la kihistoria zaidi, na mimi naliona linavutia. Mwaka 1989 viwanda vya Japani viliingia katika makubaliano ya kiungwana, yasiyo ya kisheria, kwamba hakuna gari litakalotangazwa kuwa na nguvu inayozidi farasi 280. Makubaliano yale yalidumu mpaka 2004. Katika miaka hiyo 15 Japani ilitengeneza saluni za kawaida kwa sura, zenye turbo na nguvu za kutisha ndani: Impreza WRX kuanzia 1992, Mitsubishi Lancer Evolution kutoka mwaka huo huo, Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ, Legacy za turbo mbili. Mwaka 1998 ikaja Altezza, haina turbo, ila vijana wa Dar waliipenda kama vile inayo. Huku kwetu jina la Subaru lilipandishwa na Safari yenyewe, maana Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Kijana aliyeona picha zile akiwa shule ya msingi leo ana mshahara, au ana mkopo wa Saccos.

Na yeye si peke yake duniani. Sheria ya Marekani inaruhusu gari la nje lililotimiza miaka 25 kuingia bila kukidhi viwango vyao. Impreza za kwanza zilivuka mstari huo mwaka 2017. Wamarekani wakaanza kununua zilizo safi kwenye minada ya Japani, bei ikapanda. Zinazobaki kwa mfuko wa Mtanzania ni zile ambazo karatasi ya mnada wa Japani imeziandikia herufi R.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu karatasi ile ni somo. Japani kila gari linaloingia mnadani hukaguliwa na kupewa daraja: 5, 4 na nusu, 4, na kuendelea kushuka. Kuna mchoro wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi pakabaki na mawimbi, X ni kitu cha kubadilishwa. Boneti ikibadilishwa, bampa ikibadilishwa, mlango ukibadilishwa, gari bado linapata namba yake ya kawaida. R haiji kwa sababu ya mambo hayo. R inakuja pale tu mifupa ilipoguswa: nguzo za paa, mihimili ya mbele, sakafu, paa lenyewe. Mjapani anakwambia kwa herufi moja kwamba sura na mifupa ni vitu viwili.

Sisi tumezoea kuuliza swali moja tu, limegongwa au halijagongwa. Swali hilo halitoshi. Gari la namna hii halina chasisi ya ngazi kama Land Rover ya babu. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Mabati ya sakafu, nguzo, kuta za chumba cha injini, vyote vimeunganishwa kwa matone ya welding, na kila kipande kinabeba mzigo wake. Shokapu ya mbele inashikiliwa na kibati kilichoinuka kama mnara ndani ya chumba cha injini. Mnara huo ukisogea hata kwa sentimita moja, tairi haikai tena pale ilipopangwa. Hutaona chochote gari likiwa limesimama. Kwenye kilomita 60 utaona linavuta. Kwenye 160, usiku, pale barabara ya Bagamoyo inaponyooka, ukikanyaga breki kwa ghafla, gari litachagua njia lenyewe.

Kuna jambo jingine la ukali zaidi. Sehemu za mifupa ya magari haya, hasa ya kuanzia miaka ya 2000, zimetengenezwa kwa chuma chenye nguvu maalumu. Chuma hicho ukikichoma kwa gesi ili kilainike na kunyooka, kinanyooka kweli, lakini nguvu yake inaondoka. Ukipaka rangi kinapendeza. Siku ya ajali ya pili kinakunjika kama kopo. Fundi hakudanganya na hakuiba. Alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa kilikuwa sahihi kwa Bedford.

Sasa mnadani mtu anaangalia nini? Siku ya ukaguzi mara nyingi hawakuruhusu kuinua gari kwa jeki, lakini macho, mkono na kamba vinatosha kujua mengi. Kamba ndiyo naipenda zaidi. Unachagua bolti ya chini ya mguu wa mbele kulia na bolti ya nyuma kushoto, unavuta kamba, unafunga fundo. Kisha unarudia mbele kushoto na nyuma kulia. Mishazari miwili ikipishana kwa kiasi cha kidole, hilo gari limepinda, na hotuba ya dalali haibadilishi kitu. Fungua milango, tazama uwazi kati ya mlango na nguzo juu na chini kama unalingana. Inua zulia la buti, tazama bati la sakafu: mikunjo midogo kama ngozi ya mzee maana yake pigo la nyuma lilifika mbali. Vuta mikanda ya viti. Iliyokaza na haitoki ilifyatuka siku ya ajali. Kama swichi inawashwa, tazama dashi: taa ya mifuko ya hewa inatakiwa iwake kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliitoa ili usijue kwamba mifuko imeshapasuka.

Subaru ina yake. Injini imelala, na iko mbele kabisa chini, rejeta pua kwa pua nayo. Pigo la mbele ambalo kwenye Mark II lingevunja bampa na taa, kwenye Subaru linaweza kuifikia mikanda ya injini. Halafu kuna dereva ambaye baada ya kugonga aliwasha tena akasogea pembeni bila maji wala oili. Dakika 2 zinatosha kuua injini ya turbo. Kwa hiyo injini ya gari lililogongwa mbele ihesabu imekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Legacy za turbo mbili za 1998 hadi 2003 ni kesi ya peke yake, mipira ya upepo na vali zake zimesongamana kiasi kwamba hata nzima inawatoa mafundi jasho. Iliyopondeka mimi ningeiacha bila kumpa dalali salamu.

Maji ni mabaya kuliko pigo. Dar tunalijua hili, tumeona mabasi ya mwendokasi yakizama kituo cha Jangwani, si mara moja. Maji ya Msimbazi yakifika kwenye viti, yamefika kwenye kompyuta ya gari na kwenye viunganishi vya nyaya vilivyo chini ya zulia. Gari litawaka, litatembea, na miezi 6 baadaye litaanza kuzima lenyewe mahali pasipofaa. Lililozama lina sura nzuri kuliko lililogongwa, ndiyo maana linauzwa ghali kuliko linavyostahili. Chungulia chini ya dashi, angalia tope kwenye kona ambazo hakuna kitambaa kinachofika.

Baada ya hapo ndiyo hesabu. Watu wengi wanaanza na bei ya mnada wanajumlisha spea. Anza upande wa pili. Gari zima la aina hiyo mtaani liite 100. Lako, likishatengenezwa, si 100, maana kila mtaa una mtu anayekumbuka lilivyoonekana juu ya breakdown. Liite 75. Toa spea, na uzitafute kabla ya mnada, si baada: taa ya WRX halisi si taa ya Impreza ya kawaida, na muuza spea wa Ilala anajua hivyo kuliko wewe. Toa bodi na rangi. Toa mfuko wa hewa, ambao karibu kila mtu anausahau au anaamua kuusahau. Toa uhamisho wa umiliki. Kisha toa sehemu ya tano ya vyote hivyo kwa ajili ya mambo ambayo hayakuonekana siku ya ukaguzi, kwa sababu hayakosekani. Kinachobaki ndiyo bei ya juu kabisa ya kunyanyua mkono. Mara nyingi utakuta ni ndogo kiasi kwamba utaona aibu kuitamka. Itamke hivyo hivyo, au nyamaza.

Na makaratasi. Nilisema mnunuzi wa mkweche ananunua kodi iliyolipwa. Wapo wanaonunua kadi tu, mwili hawauhitaji. Namba ya chasisi inakatwa kwenye bati la gari lililokufa na kupachikwa kwenye gari jingine lililoibiwa au lililoingizwa kwa njia za panya. Wengine wanachukua nusu ya mbele ya hili na nusu ya nyuma ya lile wanaunga katikati, na unapata gari moja lenye wazazi wawili. Kwa hiyo kama unanunua lililokwisha kutengenezwa, pitisha kidole kuzunguka namba ya chasisi ukitafuta mshono wa welding. Linganisha na kadi, na kadi na kumbukumbu za TRA. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaogopwa pale kwenye kona yenye trafiki tu, lakini gari la namba bandia linakupeleka mbali zaidi ya faini.

Kuna atakayesema: basi Joginder alikosea? Hapana, na hapa ndipo Volvo ile inaponifundisha. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, mtoto wa gereji. Alijua gari lile limetoka wapi, nani aliliendesha na limepita njia gani. Tena lilikuwa limechoka. Kuchoka ni beringi, ni shokapu, ni pistoni, ni breki, na vyote hivyo vinabadilishwa na gari likarudi kuwa jipya kweli. Kupinda ni kitu kingine. Angekuta nguzo zimekunjika sidhani kama angelitazama mara mbili, kwa sababu alikuwa anakwenda kuliendesha mwenyewe kwa kasi kwenye mawe, na mdogo wake Jaswant kiti cha pembeni. Alishinda Safari tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo na Mitsubishi Colt Lancer. Katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19, rekodi ya mtu anayejua gari gani litafika na lipi halitafika.

Kwa hiyo mimi kwenye mnada nagawa magari mafungu mawili tu. WRX yenye injini iliyogonga, turbo iliyokufa, giaboksi inayolia, ubavu uliokwaruzwa na daladala, bampa na rejeta vimekwenda lakini minara ya shokapu imenyooka na mishazari inalingana: hiyo ni Volvo ya Joginder, piga hesabu kisha paza mkono. WRX yenye nguzo ya kati iliyoingia ndani, paa lenye wimbi, sakafu iliyokunjika, hiyo ni duka la spea. Inunue kwa bei ya spea, uza injini, uza giaboksi, uza viti, uza rimu, na mwili uende kwa wauza chuma. Wapo vijana Temeke wanaoishi vizuri kwa kazi hiyo hiyo, na magari yao hayajamuua mtu.

Linalonikera ni kwamba la pili mara nyingi ndilo linalorudi barabarani, kwa sababu linauzwa bei ndogo zaidi na linamfaa anayetaka kuliuza tena haraka. Anayelinyoosha halitumii. Analipiga rangi ya bluu, anaweka rimu za dhahabu kama za McRae, analipeleka yadi, na anayelinunua ni kijana mwenzangu ambaye hakuwepo mnadani. Yeye ndiye atakayefika kilomita 160 nalo.

Mwaka 2021 ukaguzi wa magari yaliyotumika ulihamishiwa kwa TBS hapa hapa bandarini badala ya huko yanakotoka. Ukaguzi huo unahusu gari linaloingia nchini. Lililogongwa Mbezi na kunyooshwa Tandika halipiti bandarini.

Kwa yanayotoka Japani kuna njia rahisi, na wenye yadi wengi hawaipendi. Omba karatasi ya mnada. Atakwambia imebaki Japani, au imepotea, au haikuja na meli. Mwombe basi namba ya chasisi. Kwa namba hiyo rekodi ya mnada inaweza kutafutwa upya mtandaoni kwa ada ndogo, ikaja na mchoro wake na herufi zake zote. Kama gari ni safi atakupa namba huku anacheka. Akianza kukuuliza kama una hela kweli au umekuja kuangalia tu, funga mlango wa gari taratibu uende yadi ya pili.